Ugali kwa Harufu

Zamani zenyewe hazijapita. Ziko njiani zinakuja. Katika zamani hizo milima yote ya shaba ilikuwa imekwisha kuchimbwa, yakabaki mashimo yaliyojaa maji ya kijani, na aliyetaka shaba mpya ilimbidi aitafute ndani ya shaba ya zamani. Ndipo pale Isengwe, upande wa Katavi, kikajengwa kiwanda cha kuyeyusha, na ndani ya kiwanda hicho mama mmoja aitwaye Gaudensia Kisalala akawa mkubwa wa chungu.

Chungu chenyewe hakikuwa cha udongo. Kilikuwa cha grafiti, cheusi kama masizi, kirefu cha kumfikia mtu kifuani, nacho kilisimama katikati ya koili: bomba nene la shaba lililojizungusha kama nyoka aliyelala, na ndani ya bomba maji baridi yakipita mchana kutwa. Hapakuwa na kuni wala mwali. Umeme ulipita kwenye bomba ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, upesi kuliko mbawa za nyuki, na shaba iliyokuwa chunguni ikausikia ule mtetemo bila kuguswa, ikaanza kuzungukwa na umeme wa kwake yenyewe, ikajipasha joto hapo ilipo. Wageni waliuliza moto uko wapi. Gaudensia aliwaambia moto haupo, ni shaba imekasirishwa.

Wala shaba haikasiriki upesi. Chuma ukikiweka ndani ya koili, mara kimewiva. Shaba ni kama mtu mpole anayetukanwa: linaingia sikio hili linatokea lile, hashiki kitu. Unaingoja. Ikishapata joto kidogo ndipo inapoanza kuushika umeme, na kadiri inavyoushika ndivyo inavyozidi kuwaka, mpaka inalala chunguni inang'aa kama jua la asubuhi. Kazi ile ilitaka mtu asiye na haraka, na Gaudensia alikuwa amelea watoto na kuzika baadhi yao, haraka yake yote ilikuwa imekwisha huko.

Alichokipenda zaidi katika kazi hiyo ni usafi wake. Moshi haukuwapo. Harufu haikuwapo, labda ile ya sarafu iliyoshikwa mkononi muda mrefu.

Basi siku moja, karibu na chakula cha mchana, harufu ikaingia.

Ilipenya kwenye kidirisha cha bati kilichokuwa ukutani, pale ambapo watu wa chumba cha nyuma walisukuma vibonge vya shaba vije vimalizikie kwenye chungu kikubwa. Ilikuwa harufu ya nyama. Haikuwa ya nyama iliyooza wala iliyoungua. Ilikuwa ya nyama inayojikaanga kwa mafuta yake yenyewe, ikishika rangi taratibu, ile harufu inayomfanya mtu aliyekwisha kusema ameshiba atafute tena pa kukaa. Na zamani hizo nyama ilikuwa kitu cha harusi na Krismasi.

"Watu wa nyuma wamechinja," akasema Oresto Nswima, mpanga kalibu za kumiminia shaba, "na hawakutuita hata kushika miguu ya mnyama."

Watu wakacheka, na walicheka kwa kufurahi, maana Oresto ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini baada ya kumzika mama yake, na kimya chake kilikuwa kimewalemea wote. Alikuwa kijana mrefu mwenye nyuzi. Ule ugonjwa wa kulegea ulipopita nchini alikuwa mtoto, ukamlaza kama mkeka. Wakamtia miguuni nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, zikafanya kazi ya mishipa iliyokufa, akasimama. Mama yake alilegea mwaka huohuo na kutiwa nyuzi hizohizo. Kwa sababu ya nyuzi Oresto hakuruhusiwa kuvuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni kuizunguka koili. Akiukanyaga tu, zilianza kupata joto ndani ya nyama. Alikuwa akisimama ukingoni mwa mstari akisema koili inamwita, lakini yeye hajatoa mahari.

Chakula kikaja: ugali na maharage, kama kawaida. Oresto akaichukua sahani yake akaigeuza ielekee kwenye kidirisha.

"Mama Gaudensia, geuza na yako. Leo tunakula ugali kwa harufu."

Ni utani wa kwao, utani wa watu waliolala njaa wakasikia jirani anakaanga. Unamega tonge, unavuta pumzi, unameza; pua ndiyo inatia mchuzi. Wote wakageuza sahani. Wengine wakafumba macho. Gaudensia naye akavuta, akameza, na mate yakamjaa kinywani mpaka akaona haya, akayafuta kwa ncha ya kanga.

Wakiwa wanakula, Oresto akasimulia mazishi. Alisema mwili wa mama yake ulipotoka chumba cha marejesho, walikokwenda kuutoa nyuzi kama sheria ilivyotaka, ulikuwa umeshonewa sanda nzito toka kiunoni kwenda chini, wakaambiwa wasifumue. Lakini kwao mtoto hamwagi mzazi bila kumshika miguu na kuomba radhi. Basi akaishika juu ya sanda. Ilikuwa migumu na imenyooka, baridi ya maiti, akafikiri. Sasa mama yake, Mama Kresensia, jembe lilimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto akiwa msichana, na kila aliyemjua alilijua pengo lile.

"Nikalitafuta lile pengo juu ya kitambaa, sikulipata," akasema Oresto akitabasamu, tonge mkononi. "Nikasema haya, kifo nacho kimemrudishia chake."

* * *

Alasiri Gaudensia alikuwa akiengua utando. Shaba ikishayeyuka, uchafu wote hupanda juu ukalala kama utando wa maziwa, na mkubwa wa chungu huuengua kwa upawa mrefu ili kinachomiminwa kiwe safi. Siku hizo utando ulikuwa mwingi kuliko zamani. Zamani nyuzi zililetwa zimeoshwa na kuzungushwa kwenye vigurudumu kama za cherehani. Sasa vilikuja vibonge vyeusi, vyenye majivu mengi, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Tena mlio wa koili ya chumba cha nyuma ulikuwa umebadilika. Koili inayopasha kitu kinene hunguruma. Ya nyuma ilikuwa ikilia wembamba kama mbu sikioni, mlio wa umeme uliotetemeshwa mno ili ukishike kitu chembamba kabisa.

Upawa ukagonga kitu. Akakiinua, akakitua kwenye sinia la mchanga, akakingoja kipoe. Kilikuwa mfupa mweupe kama chaki, wa duara upande mmoja na bapa upande wa pili, umekaa kama kiazi kidogo.

Gaudensia hakushtuka. Alikasirika. Mifupa ya namna ile alikuwa ameinyonya maisha yake yote, na harufu ya mchana ilikuwa bado puani mwake, basi akili ikaenda palepale ilipozoea kwenda: wale watu wa nyuma wanapika makongoro. Wameona koili haina moshi, wakaigeuza jiko. Wanakula supu nzito na mifupa wanamtupia yeye, inaharibu shaba ya watoto wagonjwa. Maana shaba ile ilivutwa upya kuwa nyuzi na kutiwa watoto, na mmoja wa waliokuwa wakingoja nyuzi alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Desderia, wa darasa la pili, aliyekuwa hajakanyaga chini tangu masika.

Akaufunga mfupa kwenye kanga, akaenda kugonga mlango wa nyuma. Haukuwa mlango wa kugongwa na kila mtu.

"Fungueni," akasema, "nami nimekuja na bakuli."

Akafungua mwanamume mmoja aliyevaa aproni ya mpira mpaka kidevuni. Hakumwuliza anataka nini. Alimtazama, akatazama chini, akasogea pembeni akauacha mlango wazi, kama mtu aliyekuwa akimngoja yeyote yule aje aone.

Kulikuwa na koili ndogo iliyolazwa chali, pana kama mdomo wa pipa, inalia. Ndani yake ulikuwamo mguu.

Ulikuwa umelala kwenye sinia jeupe la kauri kuanzia goti. Nje ngozi ilikuwa bado ngozi, imefanya malengelenge. Umeme ule hauijali nyama. Ulizishika nyuzi tu, na nyuzi zilikuwa zikiiva ndani, kwa hiyo mguu ulikuwa ukijipika kutokea mfupani kuja nje. Pale zilipopita, kwenye shavu la mguu na kando ya kisigino, nyama ilikuwa imepasuka kwa mistari mirefu, na ndani ya mistari mlionekana wekundu mwembamba kama wino. Mafuta yalitiririka yakachuruzika kwenye mfereji wa sinia. Yalikuwa ya manjano, masafi. Yakifika mwisho yalidondokea ndani ya ndoo, na juu ya ndoo palikuwa na nzi. Muda si muda zile nyuzi zikalegea, zikakatika kuwa vitone, vitone vikakusanyana chini pamoja na jivu na kipande cha mfupa, na mtu wa aproni akavizoa kwa koleo, akavitia kwenye kikombe cha chuma. Kibonge cheusi kikawa tayari.

Ukutani kulikuwa na rafu za baridi, na kwenye rafu miguu mingine ikingoja zamu, miwilimiwili, imefungwa kamba kama kuku wa sokoni. Gaudensia hakutaka kuitazama, akaitazama. Kwenye rafu ya chini nyayo zilielekea kwake, zimepasuka magaga ya mkulima. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne na pengo.

Kando ya rafu, ubaoni, miguu ya mninga iliyochongwa vizuri ilisimama imepangwa. Ilikuwa na vidole vyote.

Hakutapika. Ingekuwa nafuu kama angetapika. Kilichomchukiza hakikuwa mguu, wala nzi, wala ndoo. Harufu ilikuwa ileile ya mchana, na hapo alipokuwa, akijua anachojua, mate yalimjaa tena kinywani. Mwili wake haukujua haya. Akawa kama amefunuliwa tumbo lake mwenyewe akaona ndani mmelala fisi.

Injinia Festo Malyatabu akamkuta hapo. Alikuwa mkubwa wa chumba cha nyuma, mtoto wa shoga yake Gaudensia aliyekufa, na Gaudensia alimwogesha akiwa mchanga. Hakufoka. Akamtafutia kigoda, na Gaudensia akakikataa. Akamweleza kwa sauti ya chini, kama daktari. Alisema zamani waganga walizitoa nyuzi kwa mkono, uzi mmoja mmoja, mguu mmoja siku nzima, na nusu zilikatika zikabaki ndani zikaenda kaburini. Shaba ikawa haitoshi. Watoto wakajaa wodini, wamelala wanatazama dari, wengine mapafu nayo yakilegea. Alisema koili haipotezi hata punje. Alisema akitaka kuona ukatili asiuangalie mguu wa maiti, aende wodini akawaangalie walio hai.

Gaudensia akamwuliza kama wenye maiti wameambiwa.

"Wangekataa, mama."

"Uliwauliza?"

Festo akasema kwamba shaba ya kesho imekwisha pangiwa watoto, na jina la Desderia limo. Mizigo ya mwisho ni ile ya rafu ya chini. Alisema hilo bila vitisho, na ndiyo maana lilimwingia kama msumari: alikuwa akimpa zawadi.

"Kwa hiyo mama, chagua mwenyewe cha kuwaambia wenzako," akasema. "Mimi sitakufunga mdomo."

* * *

Jioni alioga kwa majani ya mlimau, akasugua kucha kwa mchanga, akabadili kanga. Desderia alikuwa kwenye mkeka, ameegemezwa mto. Mama yake alikwenda na ugonjwa uleule, na toka hapo bibi na mjukuu walikuwa wawili tu. Kila jioni mtoto aliuliza swali moja, kama vile wenzake wanavyouliza habari ya chakula.

"Bibi, nyuzi zangu zimeiva?"

"Ziko jikoni," Gaudensia alizoea kumjibu. Jioni hiyo akaliacha neno hilo, akasema zinakaribia.

Akamwinua amgeuze, asipate vidonda vya kulala. Mtoto akamshika shingo, pua yake ikaingia kwenye nywele za bibi yake.

"Bibi, unanukia nyama," akasema kwa furaha. "Mmepika nini? Hukuniletea?"

Gaudensia akamlaza polepole. Akatoka nje, akakichovya kichwa chake kwenye ndoo ya maji, akakisugua mpaka ngozi ikauma. Miguu ya yule mtoto ilikuwa imekonda ikawa kama miwa iliyotafunwa. Alijua kwamba akikaa kimya siku moja, siku moja tu, miguu ile itasimama. Wala Mama Kresensia hatasikia maumivu, amekwisha kufa. Oresto hatajua; amekwisha kuomba radhi kwa mti wa mninga na moyo wake umetulia. Hakuna atakayeumia hata mmoja. Alilizungusha jambo hilo kila upande akakuta halina mwiba, na bado hakuweza kulimeza.

Asubuhi akaenda kazini akiwa amekata shauri kunyamaza.

* * *

Alinyamaza mpaka mchana. Koili ya nyuma ikaanza kulia ule mlio wake wa mbu, na baada ya muda harufu ikaja. Chakula kikaletwa. Oresto, ambaye sasa ucheshi ulikuwa umemrudia wote, akavuta kigoda chake karibu na kidirisha kuliko watu wote, akageuza sahani, akamega tonge kubwa.

"Leo inanukia kuliko jana," akasema. "Leo wameweka ya nundu."

Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akalipeleka tonge kinywani.

Gaudensia akamshika mkono. Hakujua kama amesimama. Alijikuta tu ameushika, tonge likiwa kati ya sahani na mdomo, na maharage yakimdondokea vidoleni.

"Usile, mwanangu," akasema.

Oresto akacheka, akadhani ni utani wa pili. Akamwambia amwachie, kama ana wivu avute harufu yake mwenyewe. Gaudensia hakumwachia. Akasema taratibu, kwa maneno ya kawaida, bila kuyapamba, ni nini kilichoko nyuma ya ukuta, na rafu ya chini aliona nini, na kidole gani hakipo. Watu wakaacha kutafuna. Mmoja aliyekuwa na chakula kinywani hakujua akimeze au akiteme, akabaki nacho shavuni, machozi yakimtoka.

Oresto alilitua tonge sahanini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Baada ya kula?"

"Baada ya kula."

"Na leo asubuhi tuliposalimiana, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akainuka akaenda mlango wa nyuma, na Gaudensia nyuma yake. Mtu wa aproni alikuwa ameshaufungua. Miguu ya rafu za juu ilikuwa imekwisha kuyeyushwa, ndiyo iliyonukia, na rafu ya chini ilikuwa tupu. Sinia jeupe lilikuwa limesukumwa ndani ya koili na juu yake nyayo mbili zenye magaga, vidole tisa. Ngozi ilikuwa haijafanya lengelenge. Shaba haikasiriki upesi. Zile nyuzi zilikuwa bado zikitukanwa na kuvumilia.

Mstari wa njano ulikuwapo na huku. Oresto akasimama ukingoni mwake, vidole vya miguu vikigusa rangi, na swichi nyekundu ilikuwa ukutani ng'ambo ya koili.

"Mama, zima," akasema.

Gaudensia akavuka. Hakuwa na nyuzi, koili haikumfanya kitu. Akaufikia ukuta, akauweka mkono juu ya swichi. Ilikuwa kubwa kama kitumbua, ya kubonyezwa kwa kiganja hata na mtoto.

Festo alikuwa ametokea mlango wa ofisi. Hakukimbia.

"Hizo ni nyuzi za Desderia, mama," akasema. "Zikikatizwa sasa, zikazikwa, sijui zingine zitatoka wapi. Labda mwaka kesho. Labda asifike."

Mkono ukakataa. Aliuambia ubonyeze, ukabaki pale juu, umelegea, kama mkono unaombembeleza mtoto alale. Mlio ulikuwa masikioni mwake. Aliiona miguu ya watu wawili, hii iliyolala kwenye sinia na ile iliyolala kwenye mkeka, na hakujua anamtendea nani ubaya. Kwenye kisigino chenye magaga likatokea tone la kwanza la mafuta. Likakua, likang'aa, likateremka. Harufu ikapanda. Akayasikia mate yake yanakuja.

Ndipo Oresto akavuka mstari.

Alikuja moja kwa moja, kando ya koili kabisa, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo. Hatua ya kwanza aliikanyaga vizuri. Ya pili uso ulimbadilika. Baada ya hapo alikuwa akiiburuta miguu, na kwenye mashavu ya miguu yake, chini ya suruali iliyokunjwa, mistari myekundu ilikuwa ikitokea palepale Gaudensia alipoiona jana kwenye mguu wa maiti. Hakupiga kelele. Akaufikia ukuta, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Gaudensia, akakibonyeza.

Mlio ukafa. Kilichosikika ni maji tu, yakiendelea kupita ndani ya bomba.

Oresto akaanguka magoti mbele ya sinia, maana nyuzi zilizopata joto hazishiki. Akanyoosha mikono akaishika miguu ya mama yake. Ilikuwa ya moto, akaishika hivyohivyo. Kidole gumba chake kilizunguka kikitafuta, kikalipata pengo, kikatulia hapo.

Kisha akageuza uso pembeni akatapika, na hapakuwa na kitu cha kutapika, kwa sababu mchana ule hakuwa amekula.

* * *

Kiwanda kilifungwa, watu wakajaa langoni, wengine na mapanga, wengine na miguu ya mninga waliyoifukua. Festo aliondolewa na askari kwa mlango wa pembeni, na alipopita mbele ya Gaudensia alisema, bila hasira, "Tutaonana wodini, mama." Hayo yana mkondo wake.

Jioni moja Oresto akaja nyumbani kwa Gaudensia. Alitembelea fimbo, mashavu ya miguu yake yalikuwa yamefungwa bendeji. Alikuwa ameizika ile miguu, na nyuzi ndani yake, palepale alipolala mama yake.

Gaudensia alikuwa ndiyo kwanza ameepua. Akamkaribisha kwenye mkeka, akamletea maji ya kunawa. Oresto akatikisa kichwa. Akamletea maji ya kunywa, akayatazama, hakuyagusa. Kwao mtu akikataa ugali wako kuna la kuzungumza, lakini akikataa na maji yako, amemaliza. Gaudensia akakaa kando akaikunja mikono yake mapajani, ule uliokataa na ule mwingine.

Oresto akamgeukia mtoto.

"Wewe ndiye Desderia?"

"Ndiye mimi."

"Wewe ndiye uliyekuwa unazitaka nyuzi za mama yangu?"

Mtoto akamtazama bibi yake. Bibi hakumsaidia. "Mimi nataka nyuzi," akasema. "Sijui za nani."

"Na mimi ninazo," Oresto akasema. Akapandisha suruali, akamwonyesha juu ya bendeji ile michirizi ya kahawia chini ya ngozi. Desderia akaigusa kwa kidole, akauliza kama zinauma. Oresto akasema siku hizi, ndiyo.

"Nimewazungukia wenye misiba," akaendelea, akizungumza na mtoto, ingawa Gaudensia alijua maneno yamepangwa yamfikie nani. "Niliwauliza mmoja mmoja: ungeombwa, ungetoa? Wengine walinitukana. Wengine walilia, wakasema wangetoa, kwa mkono wa mganga, hata siku nzima, hata zikatike nusu. Sasa zangu mimi bado nazitumia. Nikimaliza ni zako. Lakini lazima uniombe."

"Naziomba," Desderia akasema.

"Haya. Nimekupa." Akaiteremsha suruali. "Ila usiniombee nife."

Mtoto akacheka. Oresto naye akacheka kidogo, kile kicheko cha zamani, kikafika nusu kikakatika. Akaishika fimbo yake, akainuka, akaaga kwa Desderia, akapita karibu na Gaudensia kama mtu apitavyo karibu na jiko lililozimika.

Desderia akamsikiliza mpaka fimbo iliposikika kwa mbali.

"Bibi," akasema, "leo hunukii kitu."

"Sinukii," akajibu Gaudensia.

Akauvuta ugali, uliokuwa umeshaanza kufanya ngozi juu. Akammegea mtoto, akamtilia maharage. Yeye akamega wake mtupu, akauzungusha mkononi muda mrefu, halafu akabana pumzi, akameza.